Permission denied kila nikijenga draiva ya waifai kwenye Debian 12, msaada wadau

mwl_kibosho

Habari za jioni wadau. Mi nafundisha kompyuta shule ya sekondari huku Moshi vijijini, tuna chumba cha kompyuta chenye deskitopu za mtumba, zote zimewekwa Debian 12 na hazina waifai ndani, kwa hiyo shule ikanunua vile vidude vya waifai vya kuchomeka USB, chipu yake ni Realtek 8821CU. Kerneli (moyo wa Linux) iliyomo ni 6.1, ukichomeka kidude lsusb inakiona lakini waifai haitokei, so inabidi draiva ijengwe kutoka kwenye sosi kodi kama moduli ya nje, yani kipande cha kuongeza kwenye kerneli.

Fundi aliyekuwepo kabla yangu aliianza hii kazi kwenye mashine moja akaondoka, sosi iko /home/mwalimu/8821cu. Nikiingia na akaunti ya mwalimu nikapiga make (amri ya kujenga) inaenda kidogo tu inakufa hivi:

`Fatal error: can't create /home/mwalimu/8821cu/core/rtw_cmd.o: Permission denied`

git pull nayo inakataa, inasema `detected dubious ownership in repository`. Nikiweka sudo (kuendesha kwa nguvu za root, msimamizi mkuu wa mashine) mbele ya make inajenga mpaka mwisho na 8821cu.ko (faili la moduli yenyewe) inatoka, sudo make install nayo inapita bila kelele. Sasa cha ajabu ni hiki, nikipiga /sbin/modinfo 8821cu kwa akaunti ya kawaida inasema `Module 8821cu not found`, nikiweka sudo inaonekana. Alafu sudo modprobe 8821cu, amri ya kupakia moduli, ndo inagoma kabisa:

`modprobe: ERROR: could not insert '8821cu': Key was rejected by service`

Kuna mashine nyingine nilitaka kuendesha skripti ya draiva moja kwa moja kutoka kwenye fleshi, ./install.sh inasema Permission denied, sudo ./install.sh inasema `command not found` wakati faili naliona lipo pale pale.

Naombeni mnieleweshe kabisa maana nitaulizwa na wanafunzi, root si ndo mwenye ruhusa ya kila kitu? Sasa inakuwaje anakataliwa? Vijana wa form four wanahitaji hii intaneti, maabara imekaa muda bila mtandao na inaniuma kuona mashine nzima zimekaa tu.

chalii_ngarenaro

Mwalimu hiyo rahisi, `sudo chmod -R 777` kwenye folda la draiva na kwenye /lib/modules alafu rebuti. Mi Arusha hapa natengeneza mashine za watu kila siku natumia hiyo na haijawahi kunisumbua.

njiro_kerneli

Mwalimu tafadhali usipige hiyo 777, yani kumpa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha, hasa kwenye maabara ya wanafunzi, nitasema kwa nini huko chini.

Kwanza jua kwamba hapo huna tatizo moja, una matatizo kama manne yamekaa kwenye foleni na kila moja lina mkataaji wake. Ukisoma vizuri ujumbe wa kosa unakwambia nani amekataa. "Permission denied" ya kwanza ni mfumo wa mafaili umemkatalia kompaila asiandike. "Key was rejected by service" sio mfumo wa mafaili kabisa, hapo ni kerneli yenyewe imeangalia sahihi ya moduli ikakataa, na hata ungeweka 777 mara mia kerneli haiangalii hizo namba. Kuna na ndugu yao wa tatu "Operation not permitted", huyo utakutana naye ukijaribu insmod bila sudo, au hata dmesg tu kwenye Debian, maana pale inatakiwa nguvu ya root na we huna. Watu wanayaita yote matatizo ya ruhusa wanayatibu kwa chmod, ndo maana hayaponi.

Sasa la kwanza. Hiyo dubious ownership imeshakupa jibu, fundi alivuta sosi kwa sudo git clone, kwa hiyo folda lote na vifolda vyake ni mali ya root ingawa limekaa ndani ya home ya mwalimu. Na kitu ambacho wengi hawakijui: kutengeneza faili jipya hakutegemei ruhusa ya faili, kunategemea ruhusa ya folda linapokaa. Kompaila anataka kuzaa rtw_cmd.o ndani ya core/, core/ ni ya root na w (ruhusa ya kuandika) ni ya root peke yake, anakwama. Hakikisha hivi:

`find ~/8821cu ! -user mwalimu | head`

Ikileta orodha ndefu basi rudisha mali kwa mwenyewe alafu jenga upya bila sudo:

`sudo chown -R mwalimu: ~/8821cu`
`cd ~/8821cu && make clean && make`

Kujenga moduli hakuhitaji root hata kidogo. Unachohitaji ni kusoma heda za kerneli zilizopo /usr/src kupitia /lib/modules/$(uname -r)/build, na hizo kila mtu anaruhusiwa kusoma. Kila kinachozaliwa kinabaki ndani ya folda lako. sudo inakuja mwishoni tu, kwenye install na depmod (inayoandika orodha ya moduli zilizopo).

Na ukija kuwafundisha vijana kuandika moduli yao ndogo, angalia Makefile (faili la maelekezo ya make) isiwe na M=$(PWD). Kwa akaunti ya kawaida inafanya kazi safi, ila sudo inafuta mazingira yako karibu yote na PWD inakuwa tupu, M inabaki haina kitu, make inadhani umemwambia ajenge kerneli yenyewe anaanza kuchezea folda la heda kwa nguvu za root. Makosa yanayotoka hapo hayafanani kabisa na chanzo chake. Weka $(CURDIR), hiyo make anaijua mwenyewe bila kumuuliza mtu.

mangi_pasua

La fleshi niachieni mimi. Hiyo fleshi itakuwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa kizamani, huko hakuna kitu kinaitwa ruhusa za Linux, mashine inabuni tu wakati wa kuchomeka, na skripti ya .sh kwa kawaida haipewi x, ruhusa ya kuendesha. Faili likiwa halina x hata moja root naye haliendeshi, ndo sehemu ya kwanza ambapo root anakataliwa mwalimu, akisoma sawa, akiandika sawa, kuendesha hapana mpaka iwepo x walau moja. Na sudo yenyewe ikikuta faili halina x inakujibu command not found badala ya kukwambia ukweli, hiyo imewapotezea watu muda sana.

chmod +x kwenye fleshi haishiki. Usijengee kwenye fleshi vilevile, simulinki zinakataa huko. Kopi kwenye home kwanza alafu `bash install.sh`. Na sosi ukiibeba kwenye fleshi ifunge kwanza tar, ukiibeba kama mafaili matupu ama zip iliyopitia Windows unafika na mafaili yaliyopoteza x zote.

sakina_dada

Mwalimu hilo la modinfo kuona kwa sudo na kutoona bila sudo mi nalifahamu, limewahi kutusumbua sana kazini. Naomba matokeo ya hizi, zote bila sudo:

`umask`
`ls -l /lib/modules/$(uname -r)/modules.dep.bin`
`ls -l /lib/modules/$(uname -r)/kernel/drivers/net/wireless/8821cu.ko`
`grep ^UMASK /etc/login.defs`

Na moja zaidi, jaribu /sbin/modinfo ya moduli nyingine yoyote ya kawaida mfano usb_storage. Nahisi nayo itasema not found, na kama ni hivyo basi shida sio draiva yako.

chalii_ngarenaro

Mnamchosha mwalimu kwa maelezo. 777 inaondoa permission denied au haiondoi? Inaondoa. Mtu anataka waifai.

njiro_kerneli

Kaka, inaondoa ile ya kwanza tu, ile ya Key was rejected haiigusi kabisa. Na gharama yake ni kubwa, ngoja nieleze maana hili ndo naliogopa kuliko yote kwenye uzi huu.

/lib/modules ikiwa 777 maana yake mwanafunzi yeyote mwenye akaunti kwenye ile mashine anaweza kubadilisha faili la .ko la kitu chochote, kibodi, sauti, chochote. Mashine ikiwashwa kesho asubuhi root anaipakia ile moduli ndani ya kerneli bila kuuliza mtu, isipokuwa pale tu kerneli inapodai sahihi. Hapo hajapata tu nguvu za root, yuko chini ya root, anasoma kila paswedi inayopigwa kwenye mashine ile. Folda la sosi nalo likiwa 777 ni hivyo hivyo, haswa kama limewekwa /usr/src kwa ajili ya DKMS, kwa sababu DKMS inajenga upya yenyewe kila kerneli mpya ikiingia na inajenga kama root. Kijana akibadili mstari mmoja wa Makefile leo, siku ya apdeti root anautekeleza. Tunazungumzia chumba chenye watoto wa miaka 17 wadadisi, ambao udadisi wao ndo tunautaka, na paswedi za walimu zinapigwa humo humo. Mashine za wateja wako Ngarenaro zina mtumiaji mmoja, hapa ni tofauti.

Kwa kumbukumbu tu, ruhusa sahihi ni hizi: mafaili ya .ko ni 644 ya root, mafolda 755 ya root, na /usr/src ya DKMS vilevile iandikwe na root pekee.

mwl_kibosho

Ahsanteni sana, nimerudi maabara leo. find ilileta orodha ndefu kweli, karibu kila kitu cha root. Nimepiga chown, make imepita mpaka mwisho bila sudo na git pull haisemi kitu tena. Kwenye make install nikaweka sudo, ikapita.

Dada wa Sakina matokeo yako haya:

umask ni 0077
modules.dep.bin ni `-rw------- root root`
8821cu.ko ni `-rw-r--r-- root root`
login.defs inasema UMASK 077

Na usb_storage kweli nayo inasema not found bila sudo! Sikuwahi kufikiria kuijaribu.

Key was rejected bado iko pale pale.

sakina_dada

Ndo hiyo hiyo. Angalia inavyokwenda. Makefile ya hizi draiva za Realtek inanakili moduli kwa `install -m 644`, yani inataja ruhusa yenyewe haijali umask (namba inayoamua faili jipya linanyimwa ruhusa zipi), kwa hiyo .ko yako iko salama. Lakini ikimaliza inaita depmod, na depmod inaandika upya modules.dep na wenzake wote kwa kufuata umask iliyopo, na umask yako ni 077, so zimezaliwa zinasomeka na root peke yake. modinfo inatafuta jina la moduli kupitia yale mafaili, haiwezi kuyafungua, inakwambia tu moduli haipo. Hajasema uongo ila hajakusaidia.

Utaniuliza mbona niliendesha kwa sudo, kwa nini umask ya mwalimu imfuate root? Kwa sababu sudo ya Debian ina umask yake ya 022 lakini inaijumlisha na ya kwako, inachukua ile kali ya pande zote mbili. Ya kwako ikiwa 077 basi inabaki 077. Inaonekana fundi aliibadilisha login.defs ili wanafunzi wasifunguliane kazi zao, nia nzuri, ila kwa kufanya vile kila kitu kinachowekwa na sudo kwenye mashine ile kinazaliwa kimefungwa, sio moduli tu.

Tibu sasa hivi:

`sudo sh -c 'umask 022; depmod -a'`

depmod inaandika faili jipya kabisa inalibadilisha na la zamani, kwa hiyo hakuna chmod ya kupiga. Alafu rudisha UMASK kuwa 022 kwenye login.defs, toka na uingie tena, na usiri wa wanafunzi uweke kwenye mlango wa nyumba zao, `sudo chmod 700 /home/*`, mtu hawezi kupita mlangoni basi haina haja kufunga kila faili ndani.

Kwa wengine watakaosoma hapa, ukitumia njia ya kawaida ya `make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules_install` badala ya Makefile ya Realtek hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ile inatumia cp, umask inakula mpaka .ko na folda lake. Folda ndo linauma, likiwa 700 hata faili la ndani liwe 644 halifikiki. Hapo `chmod -R u=rwX,go=rX` kwenye lile folda la updates au extra kutegemea kerneli yako, ile X kubwa inatoa x kwa mafolda na kwa mafaili yaliyokuwa nayo tayari, .ko haziguswi. Na njia hiyo kwenye Debian huwa inakwambia `missing 'System.map' file. Skipping depmod`, usiogope, sio kosa la ruhusa, ila ujue depmod haijapigwa uipige mwenyewe, la sivyo modprobe haitaona kitu.

njiro_kerneli

Safi sana dada, hiyo ya sudo kujumlisha umask wengi wanaipita.

Mwalimu sasa tumalizie na ufunguo. Piga `mokutil --sb-state`, itasema SecureBoot enabled. Secure Boot ikiwa imewashwa kerneli ya Debian inapokea moduli zilizosainiwa na ufunguo inaoujua tu, zile zilizokuja na Debian zimesainiwa, ya kwako umeijenga mwenyewe haina sahihi. Hii ni sehemu ya pili root anapokataliwa, na imewekwa makusudi hivyo, ili hata aliyeiba nguvu za root asiweze kuingiza kitu ndani ya kerneli.

Unaweza kuzima Secure Boot kwenye BIOS, ni mashine zako. Mi ningekushauri usaini, sio kazi kubwa. Weka dkms na linux-headers-amd64 kwa apt, intaneti ya kuvutia unganisha simu kwa waya wa USB ukiwashe kile cha kugawa mtandao, hiyo haihitaji draiva yoyote ya nje. Nakili sosi kwenda /usr/src kwa jina na toleo lililoandikwa kwenye dkms.conf, iwe ya root, kisha dkms add, build, install. DKMS ya Debian 12 inatengeneza jozi ya funguo yenyewe, /var/lib/dkms/mok.key ndo siri na mok.pub ndo ya kugawa, na inasaini moduli papo hapo. Ikikwama usibahatishe, soma make.log iliyopo ndani ya /var/lib/dkms chini ya jina la moduli.

Kisha `sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, itakuuliza paswedi ya muda, weka rahisi ya herufi za kawaida maana ile skrini ya bluu inayokuja ukirebuti inasoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani. Chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wako), weka ile paswedi, basi. mok.key isisomwe na mtu mwingine zaidi ya root, angalia iwe 600. Hii ndo faili moja kwenye mambo yote haya ambayo kufunga sana ni sahihi.

mangi_pasua

Nyongeza kidogo. Hiyo 8821CU imeingia kwenye kerneli yenyewe kuanzia 6.2, kupitia draiva ya rtw88. Debian 12 ya 6.1 imeikosa kwa hatua moja tu. Ukiweka kerneli ya backports (hifadhi ya Debian yenye matoleo mapya zaidi), huko iko 6.12, pamoja na firmware-realtek, huna haja ya kujenga chochote, na zile zimesainiwa na Debian tayari. Debian 13 nayo inakuja na hiyo 6.12. Kama bando la kuvuta kerneli kwa mashine zote lipo mi ningeenda huko moja kwa moja, tena ukumbuke kutoa kwanza hiyo draiva ya nje zisije zikagombania kidude kimoja.

mwl_kibosho

Waifai imewaka kwenye mashine ya kwanza! Nimefuata njia ya DKMS, ile skrini ya bluu ilinitisha kidogo ila paswedi ilikubali. Na modinfo sasa inaona kwa akaunti ya kawaida. Vijana wawili wa form four walikuwa wamekaa pembeni, nimewaonesha ls -l kabla na baada, mmoja ameelewa habari ya folda na faili haraka kuliko nilivyotegemea.

Mangi nimekuelewa, nitahamia Debian 13 wakati wa likizo nikiwa na mtandao wa uhakika, kuvuta kwa bando la simu kwa mashine zote sasa hivi siwezi. Swali la mwisho, mashine zilizobaki zina kerneli ile ile kabisa, uname -r inafanana herufi kwa herufi. Lazima nijenge kwenye kila moja?

njiro_kerneli

Hapana, jenga na kusaini kwenye hiyo moja tu. Kwa mashine nyingine unabeba vitu viwili, faili la 8821cu.ko lililosainiwa, ambalo utalikuta ndani ya /lib/modules/$(uname -r)/updates/dkms, na mok.pub. mok.key isitoke kwenye mashine yako na isipande fleshi hata mara moja. Kabla ya kubeba linganisha `/sbin/modinfo -F vermagic 8821cu.ko` na uname -r ya unakokwenda. Ukifika:

`sudo install -D -m 644 -o root -g root 8821cu.ko /lib/modules/$(uname -r)/updates/8821cu.ko`
`sudo sh -c 'umask 022; depmod -a'`
`sudo mokutil --import mok.pub`

Tumia install usitumie cp, fleshi imeshapoteza ruhusa za faili na hapo unazitaja upya mwenyewe, na folda la updates kama halipo install -D inalitengeneza kwa 755 hata umask ya ile mashine ikiwa bado 077. Kisha rebuti uikubalishe kwenye skrini ya bluu. Zuia kerneli isijibadilishe kwenye hizo mashine mpaka utakapohamia 13, `sudo apt-mark hold linux-image-amd64`, maana hazina DKMS na kerneli mpya ikiingia waifai itapotea.

sakina_dada

Na login.defs uipitie kwenye kila mashine mwalimu, kama fundi ni yule yule hiyo 077 itakuwepo kote.